Kupeleka darasa makumbusho ya sanaa: mnafanyaje isiwe matembezi tu?

Mwl_Chaki

Wakuu habari za muda. Nafundisha historia na lugha, darasa langu lina watoto 41, miaka 12 na 13 hivi. Nimeshawapeleka watoto makumbusho ya sanaa mara mbili na nikisema ukweli mara zote mbili nimerudi najiuliza nilienda kufanya nini.

Mara ya kwanza tulipewa muongozaji, mtu mzuri tu, anajua vitu vyake, lakini aliongea dakika 50 bila kituo. Mchoraji kazaliwa wapi, kafundishwa na nani, kafa lini. Watoto wa mbele wanasikia, wa nyuma wanapigana vikumbo. Afu kuna binti mmoja akanyoosha mkono mbele ya picha ya mzee aliyekaa kwenye kiti, akauliza "mbona kiatu chake kimoja hakina kamba?" Muongozaji akamjibu "tutafika huko". Hatukufika. Tukahamia ukumbi mwingine, na mi mwenyewe hicho kiatu sikuwa nimekiona mpaka aliposema yeye.

Mara ya pili nikajifanya mjanja nikaandaa karatasi ya maswali 20. Kosa kubwa. Watoto wakawa wanakimbia kibao hadi kibao wananakili, jina la mchoraji, mwaka, basi, wamemaliza, wanauliza gari linaondoka saa ngapi. Sidhani kama kuna aliyeangalia picha hata moja. Wamerudi na selfi.

Muhula ujao nafasi imepatikana tena na hedi ameniuliza swali la haki kabisa: tukitoa siku nzima ya masomo, tunapata nini? Nyie mnaopeleka mnafanyaje, na hao wa makumbusho wanatakiwa watusaidie nini hasa, maana nahisi kuna vitu vipo kwa ajili yetu na hatuviombi.

PembeniKabisa

Nimekaa na daftari langu hapa, endeleeni.

BurashiKavu

Mwalimu pole ila umenichekesha na hao wa kukimbia kibao hadi kibao, tunawaona kila wiki. Mi niko upande wa pili wa kaunta, idara ya elimu ya makumbusho, mwaka wa tisa huu, kwa hiyo nitasema na siri za ndani kidogo.

Kwanza usiwalaumu watoto, hata watu wazima waliokuja kwa hiari yao hawaangalii. Kuna watafiti walikaa Metropolitan Museum pale New York na saa mkononi wanapima, matokeo yakatoka 2001: mtu anasimama mbele ya kazi moja wastani wa sekunde 27, na nusu ya watu ni sekunde 17 kushuka chini. Hapo na kibao kimesomwa humohumo. Sasa wewe ukimpitisha mtoto picha 30 kwa saa moja unamfundisha kupita tu. Chagua nne, tano mwisho, na wakae chini sakafuni, mtoto aliyekaa anaangalia, aliyesimama anamtafuta mwenzake.

La pili ni maswali. Kuna njia inaitwa VTS (Visual Thinking Strategies, yaani mbinu za kufikiri kwa kuangalia), waliitengeneza Philip Yenawine aliyekuwa mkuu wa elimu MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, toka 1983 mpaka 1993, pamoja na mwanasaikolojia Abigail Housen. Walianza kuhangaika baada ya kuona kwamba wageni wanasikiliza maelezo mazuri, wanafurahi, afu wanatoka hawajabeba kitu. Njia yenyewe ni maswali matatu tu. Kuna nini kinaendelea kwenye picha hii? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Kuna nini kingine tunaweza kukiona? Basi. Mtoto akisema "huyu mama ana huzuni" humwambii sahihi wala kakosea, unamuuliza kaona nini, anakwambia "mabega yameshuka na mkono kauficha", unaonyesha kwa kidole pale anaposema, unarudia kwa maneno yako wote wasikie, unaenda kwa anayefuata. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Kazi ngumu ni kunyamaza, kuna kimya cha sekunde nane tisa hivi pale mwanzo ambacho mwalimu mgeni hakivumilii, anaanza kueleza mwenyewe.

Yule binti wa kiatu alikuwa ameshaanza somo, sema muongozaji ndo hakujua.

Mwl_Chaki

BurashiKavu nashukuru sana, lakini mi ni mtu wa historia, hapo nina shida. Picha ni ya vita, mtoto akasema ni sherehe watu wanacheza, mi ninyamaze tu niseme "mmh, umeona nini mpaka ukasema hivyo"? Si nitakuwa naotesha ujinga?

BurashiKavu

Haha hilo ndo swali la kila mwalimu wa historia na mna haki, hata sisi kwa sisi tunabishana. Mara nyingi wenzake wanamrekebisha wenyewe, "we huoni yule ana damu?", na akirekebishwa na ushahidi ulioko pale ukutani anaelewa zaidi kuliko ukimrekebisha wewe. Ila mi sio muumini wa kunyamaza milele. Nawaacha dakika kumi, wakishaanza kuuliza "sasa hawa ni kina nani?" hapo nadondosha taarifa moja, moja tu, mfano tarehe na mahali, afu nawarudisha waangalie upya. Ukimpa mtoto taarifa kabla hajauliza inadondoka palepale.

Kokoto

Nitaonekana mkorofi ila lazima mtu aseme. Mtihani hauulizi kiatu cha mzee. Mtaala wangu umejaa mpaka shingoni, siku moja ikitoka nabaki nyuma sura nzima, na wazazi wakiona matokeo hawataniuliza kama watoto walikaa sakafuni. Ushahidi uko wapi kwamba hii kitu inafanya kazi? Nasema ushahidi, msiniambie watoto walifurahi, hata kwenye bembea wanafurahi.

Takwimu_Mzee

Kokoto swali lako ndo lenyewe na lina jibu, japo sio la kupigia vigelegele.

Marekani, jimbo la Arkansas, mji wa Bentonville, makumbusho ya Crystal Bridges yalifunguliwa Novemba 2011. Eneo lile halikuwa na makumbusho makubwa ya sanaa kabla ya hapo kwa hiyo watoto wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga yoyote. Wakatangaza ziara za bure kabisa kwa shule, mpaka usafiri na hela ya mwalimu wa kushika darasa, maombi yakazidi nafasi. Watafiti wa chuo kikuu cha Arkansas wakaona hii ni bahati: nafasi zikagawiwa kwa kura, waliopata wakaenda, waliokosa wakasubiri zamu yao baadaye. Kura haimjui mwenye akili wala mtoto wa tajiri, ndo maana makundi mawili unaweza kuyalinganisha bila wasiwasi. Wanafunzi karibu 11,000 na walimu karibu 500, shule 123. Utafiti mkubwa wa kura namna hiyo kwenye ziara za shule kabla ya hapo ulikuwa adimu.

Sasa sikia. Wiki kadhaa baadaye wakawauliza wanakumbuka nini. Kuna picha ya Eastman Johnson ya watu kambini wanachonga vijiti na kupiga soga, ukiangalia haraka ni watu wamepumzika tu. Kumbe ni kambi ya kutengeneza sukari ya mti wa mepo (maple), na waliopinga utumwa waliipenda sukari hiyo kwa sababu ile ya miwa ilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Watoto 88 kati ya kila 100 walioiona walilikumbuka hilo. Na hawakulazimishwa kukariri, hakukuwa na mtihani wa makumbusho. Walizungumza mbele ya picha kama dakika tano hivi.

Afu wakawapa picha ambayo hakuna aliyewahi kuiona, waandike wanaona nini na kwa nini. Wasahihishaji hawakujua nani alienda ziara nani hakwenda. Waliokwenda walitaja vitu vingi zaidi na wakajenga hoja kutokana na walichokiona. Kwa wote kwa pamoja tofauti ni ndogo, sitakudanganya, ila kwa watoto wa vijijini ilikuwa kubwa mara kadhaa. Maana yake yule ambaye nyumbani hakuna wa kumpeleka ndo alinufaika zaidi.

Kokoto

Nimekusoma mzee. Tofauti ndogo kwa siku moja naikubali. Lakini hujagusa mtihani.

Takwimu_Mzee

Nilijua utarudi. Atlanta walifanya kura nyingine kama hiyo kwa wanafunzi wa shule za msingi, safari hii ziara zikawa kadhaa, makumbusho ya sanaa, tamthilia, na muziki wa okestra. Hofu ilikuwa kama yako kwamba siku zikiibiwa alama zitashuka. Hazikushuka, waliokwenda walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka na kesi za nidhamu zikapungua. Usiniulize kwa nini, mi nahisi mtoto akipenda shule anafika shule, lakini hiyo ni hisia yangu.

Kokoto

Haya. Sijasilimu ila nimekaa karibu na mlango.

Hesabu_Tamu

Mnaongea kama makumbusho ni ya watu wa historia na lugha peke yao, wa hesabu je? Ngoja niwape kitu nilichofanya.

National Gallery ya London ina picha ya Hans Holbein ya mwaka 1533, mabalozi wawili wamesimama pembeni ya kabati la rafu mbili. National Gallery hiyohiyo toka 1995 ina mpango unaitwa Take One Picture, kila mwaka wanachagua picha moja, walimu wa msingi wanakwenda siku moja ya mafunzo, wanarudi shuleni kila mmoja anaigeuza kuwa somo lake, hesabu, sayansi, muziki, chochote, afu kazi za watoto zinaonyeshwa palepale makumbusho. Mi siko huko ila wazo nimeliiba bila aibu: picha moja, muhula mzima.

Nikaprinti hiyo ya Holbein kubwa iwezekanavyo. Chini katikati ya miguu yao kuna kitu kama mkate mrefu uliorushwa (watoto wangu walisema samaki, mmoja akasema ubao wa kuteleza kwenye maji). Nikawaambia sisemi kitu. Baada ya siku mbili kijana mmoja akapita ukutani upande wa kulia, shavu limekaribia kugusa karatasi, akapiga kelele. Ukiangalia kutokea pale kile kitu kinajikunja kinakuwa fuvu la kichwa cha mtu, limenyooka kabisa. Darasa zima likapanga foleni ukutani, wanasukumana.

Hapo ndo nikaingiza hesabu. Chora miraba ya sentimita moja, kumi kwa kumi, chora uso ndani. Sasa chora gridi nyingine, kila kisanduku urefu mara nne upana uleule, hamisha uso kisanduku kwa kisanduku. Uwiano na mabadiliko ya maumbo, mada ambayo huwa nakimbizana nayo wiki tatu wakaielewa kwa mbili. Na kwenye rafu ya chini kuna kitabu kimefunguliwa, ni kitabu cha hesabu za wafanyabiashara, ukurasa wenyewe ni wa kugawanya. Mtoto akaniambia "ticha hata mabalozi walikuwa na homweki".

Ah na umri wao umeandikwa humohumo, mmoja kwenye ala ya jambia, 29, mwingine kwenye ukingo wa kitabu alichowekea kiwiko, 25. Usiwaambie. Waambie tu "umri wao umo, utafuteni", mtapata kimya ambacho hamjawahi kukipata darasani.

Mwl_Chaki

Hii nachukua kama ilivyo. Miaka 25 na 29, na ndevu zote zile!

Njia_Panda7

Nawaonea wivu nyie wenye makumbusho. Kutoka shuleni kwetu mpaka makumbusho ya sanaa ya karibu ni mwendo wa siku nzima kwenda, kwa hiyo tangu naanza kazi sijapeleka mtoto hata mmoja. Ila sijakaa bure na wengine walioko mbali kama mi wasikate tamaa.

Metropolitan toka Februari 2017 walifungua picha zaidi ya 375,000 mtu yeyote azishushe, aprinti, akate, abandike, bila kuomba ruhusa wala kulipa. Rijksmuseum ya Amsterdam walikuwa wameshatangulia, 2012, na zao ukikuza unaona mpaka nyufa za rangi. Mi nashusha nikiwa sehemu yenye intaneti nzuri, naweka kwenye flashi, nakuja kuonyesha kwa projekta, na umeme ukikata nina printi.

Shida ya skrini ni kwamba vitu vyote vinakuwa saizi moja. Kipande cha ukubwa wa kiganja na kile cha ukubwa wa nyumba vinalingana. Nilipofundisha Guernica ya Picasso (hiyo haimo kwenye za bure, hakimiliki bado ipo, lakini makumbusho ya Reina Sofía kule Madrid wanaionyesha mtandaoni unaweza kuikuza) nikachukua chaki na futi kamba tukatoka nje. Mita 3.49 kwa mita 7.77. Tukachora mstatili kwenye uwanja. Watoto watano walilala chini kichwa kwa miguu na bado kikabaki kipande. Afu nikawaambia sasa farasi yuko katikati hapa, mama aliyebeba mtoto yuko pale kushoto, simameni mahali pao. Wakasimama. Ndo nikawasomea: tarehe 26 Aprili 1937, siku ya soko, ndege zikapiga mji wa Guernica, Hispania. Mtoto aliyesimama mahali pa yule mama akashusha mikono aliyokuwa ameinua kwa utani.

Sijui kwenye mtihani hilo linaingia wapi.

PembeniKabisa

Daah.

MtuWaMaabara

Nafundisha kemia, naongeza kidogo. Ile picha ya mchoraji Van Gogh ya chumba chake cha kulala, kila mtu anajua kuta ni za bluu. Mwenyewe alimwandikia mdogo wake Theo mwaka 1888 kwamba kuta ni zambarau iliyopauka. Kwa hiyo nani mwongo? Hakuna, rangi nyekundu aliyochanganya imeliwa na mwanga ikabaki bluu. Nawapa barua na picha, wabishane, mpaka mtu aseme "labda imebadilika". Afu tunapaka vipande vya karatasi rangi mbalimbali, za maji, za kalamu, wino wa printa, nusu tunaifunika, tunabandika dirishani wiki sita. Funua uone. Kuna kalamu moja ya waridi ilitoweka kabisa kama haijawahi kuwepo.

Ndo maana kumbi zenye michoro ya karatasi zina giza vile, wanaweka mwanga kama laksi 50 tu (laksi ni kipimo cha mwanga), na flashi ya kamera marufuku. Watoto wangu walipofika walikuwa wanawaelimisha wageni wengine, aibu kidogo ila nilifurahi.

mama_wawili

Samahani walimu mi ni mzazi tu. Mwanangu wa pili haoni vizuri, anaona kivuli na mwanga basi. Shule yao ilipokwenda makumbusho fulani yeye alikalishwa kwenye benchi na dada wa mapokezi masaa mawili, tena dada wa watu alikuwa mkarimu, lakini mtoto alirudi akaniambia "mama makumbusho ni benchi". Mpaka leo linaniuma. Hivi hakuna kitu kwa watoto kama huyu?

BurashiKavu

Mama pole sana, na kwa niaba ya kazi hii naona aibu. Kipo. Makumbusho ya Prado ya Madrid mwaka 2015 walitengeneza nakala za kazi sita zenye mwinuko, unasoma picha kwa vidole, na sehemu nyingine kuna sanamu zilizoruhusiwa kuguswa kwa mpangilio maalum. Lakini hata pasipo na hivyo vya gharama kuna kinachowezekana: vipande vya kitambaa cha turubai, udongo, mbao, brashi, kopo la mafuta ya kitani anuse, na mwenzake amweleze picha kwa maneno. Tena hilo la mwisho linamsaidia hata anayeona, maana kumwelezea mtu asiyeona inakulazimisha uangalie kwelikweli. Mwalimu apige simu wiki mbili kabla aseme "nina mtoto wa namna hii". Wengi hawasemi, wanafika naye mlangoni, sisi tunabaki tunababaika tunatafuta benchi. Makosa yetu hayo, lakini simu inasaidia.

mama_wawili

Asante. Nitampelekea mwalimu wake huu uzi.

Zege_Halilali

Sanaa ni ya wenye hela, watoto wetu wanahitaji ujuzi wa kuajiriwa.

Hesabu_Tamu

Mkuu ungesoma uzi kabla ya kutema. Tumeshasema wanaonufaika zaidi ni wasio nacho.

Zege_Halilali

Ni mrefu.

Mwl_Chaki

😂😂 Tuendelee. BurashiKavu hebu tuambie ukweli, nyie mnakosea wapi? Mana mi nimewahi kupewa bahasha ya vitini kurasa 60 vyenye karatasi nzuri ya kung'aa, ipo kabatini hadi leo sijafungua.

BurashiKavu

Hiyo bahasha ndo dhambi yetu kubwa. Tunakaa ofisini wasomi wa sanaa watatu tunaandika "nyenzo za mwalimu" bila mwalimu hata mmoja mezani, hatujui kipindi chako kina dakika 40, hatujui watoto wako wangapi. Makumbusho yenye akili yana kamati ya walimu, wanakutana mara kadhaa kwa mwaka, wanatuambia hapana hii haifai. Ya kwangu imeianzisha baada ya kuona makatoni ya vitini yanarudi vumbi tupu.

La pili tunapima kwa kuhesabu vichwa. Wanafunzi wangapi wameingia mwaka huu. Watoto 200 waliopita dakika 40 wanaonekana mafanikio kuliko watoto 30 waliorudi mara tatu, na wafadhili wanapenda namba kubwa.

Kuna wanaofanya tofauti na ni wa siku nyingi. Guggenheim, makumbusho ya sanaa ya New York, wana mpango wa Learning Through Art, ulianzishwa 1970 na Natalie Lieberman wakati shule za umma za New York zinaondolewa sanaa na muziki. Wao wanamtoa msanii anakwenda shuleni, anakaa na mwalimu wa darasa wiki nyingi, wanapanga somo pamoja, ziara ya makumbusho inaingia katikati kama sehemu ya kazi, na mwisho kazi za watoto zinatundikwa Guggenheim yenyewe. Ila mi kinachonivutia zaidi ni mwalimu, maana msanii ataondoka, mwalimu anabaki na ile njia miaka ishirini.

Kwa hiyo Mwl_Chaki ya kuomba ni haya. Kuingia peke yako kabla bila malipo, karibu kote wanakubali ukijitambulisha. Uchague picha mwenyewe. Uulize nani ataongoza na umwambie usitake mhadhara. Uulize kama kuna jioni ya walimu au mafunzo, hayo mara nyingi viti vinabaki wazi. Na penseli, sio kalamu ya wino, watakusimamisha mlangoni.

Binti_wa_Jana

Mi sio mwalimu, nimemaliza shule zamani kidogo. Kwenye ziara yetu mwalimu wa lugha alituonyesha ule mfululizo wa michoro ya Jacob Lawrence wa watu weusi wa Marekani wanaohama kusini kwenda kaskazini, vipande 60, nusu viko MoMA nusu viko Phillips Collection ya Washington, sisi tulikuwa na kitabu chenye picha zake. Kila kipande kina sentensi chini. Alitufunika sentensi tukaandika zetu, afu tukafunua tukalinganisha. Ya kwangu ilikuwa na maneno 40, ya Lawrence fupi kavu. Sa hivi naandika taarifa kazini na kila nikimaliza nafuta nusu. Lawrence alikuwa na miaka 23 anafanya hiyo kazi, hilo nalo lilituuma vizuri.

Mwl_Chaki

Wakuu nimerudi, wiki saba zimepita, uzi ulishazama nimeufukua mwenyewe.

Tumeenda. Nilitangulia peke yangu siku ya mapumziko, nikazunguka masaa mawili, nikachagua picha nne, na moja nilichagua kwa makusudi, yule mzee wa kiti. Nilimpigia simu mtu wa elimu nikamwambia sitaki mhadhara, akacheka akasema hata yeye hautaki, walikuwa wanafikiri walimu ndo wanautaka. Kumbe miaka yote tunasubiriana!

Tukawagawa makundi mawili, 21 na 20. Ule mwanzo wa kimya BurashiKavu ulisema sekunde nane, mi niliuona kama saa nzima, nilikuwa nimeshika mkoba nisifungue mdomo. Picha mbili za kwanza zilikuwa za kawaida, nisiwadanganye, ya pili walichoka na wawili wakaanza kufinyana. Ya mzee tulikaa dakika 37. Thelathini na saba. Wakabishana kama anasubiri mtu au katoka kufukuzwa, mmoja akasema mlango ulioko nyuma kivuli chake hakiendani na dirisha kwa hiyo kuna mwanga mwingine hatuuoni, yule wa elimu akasogea kuangalia, akasema ana miaka sita pale hajawahi kuona. Picha ya nne hatukufika, na basi tulilichelewesha, dereva alininunia njia nzima.

Shuleni wakaandika barua kwa makumbusho, barua rasmi ya kwanza ya maisha yao, maswali 14. Nilipanga iwe zoezi la uandishi tu sikutegemea majibu. Wamejibu, kurasa mbili, maswali tisa wameyajibu vizuri na mengine matano wameandika wazi kwamba na wao hawajui, wakatuambia tukigundua tuwaandikie. Watoto wameibandika ukutani na yale matano wameyazungushia wino mwekundu.

Hedi kaisoma, kaniuliza ziara ijayo lini. Kokoto upo?

Kokoto

Nipo. Nimeomba nafasi muhula wa tatu, msianze.

Hesabu_Tamu

Na kamba ya kiatu je??

Mwl_Chaki

Imo kwenye yale matano. Yule binti sa hivi yuko madarasa mawili mbele, nilimtafuta mapumziko nikamwonyesha barua. Kaisoma mpaka mwisho, kanirudishia, kasema "kwa hiyo siku ile hata yeye hakuwa anajua".